Kipimo cha Klorini Pekee Hakitoshi: Utunzaji wa Maji ya Bwawa la Kuogelea la Nyumbani

Maji ya bwawa la kuogelea yanaweza kuwa maangavu hata sarafu iliyozama ikaonekana, na kipimo cha klorini kikasoma vizuri, huku vimelea vya kuhara vikiendelea kuishi ndani yake. Hali hiyo huwashangaza wenye mabwawa, na wakati mwingine hata watumishi wa afya, kwa kuwa imezoeleka kudhaniwa kwamba ukishatia klorini na kuipima, kazi imekwisha. Kipimo cha klorini hakina maana kamili mpaka kisomwe pamoja na vipimo vingine viwili: kiwango cha pH, na kiwango cha kiimarishi, yaani asidi ya sianuriki, ambayo ni kemikali inayoikinga klorini isiharibiwe na jua. Makala haya yanaeleza jinsi vitu hivyo vitatu vinavyohusiana, hatari za kuvipuuza, na yale ambayo mhudumu wa afya anapaswa kumuuliza mgonjwa aliyetoka kuogelea.

Suala hili linaigusa Wilaya ya Kilosa kwa njia mbili. Kwanza, mji wa Mikumi uko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Wageni hulala hapo, na bwawa la kuogelea ni sehemu ya huduma wanayoitarajia. Mtu anayepewa kazi ya kulitunza bwawa la nyumba ya wageni au la nyumba binafsi, awe anatoka Mikumi mjini au kata ya Kisanga, mara nyingi hukabidhiwa ndoo ya dawa na kipimio tu, bila maelezo ya kina. Pili, dawa za jamii ya klorini ndizo zinazotumika kutibu maji ya kunywa panapotokea mafuriko au kipindupindu. Kilosa ilikumbwa na mafuriko makubwa ya Mto Mkondoa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 uliufikia pia Mkoa wa Morogoro. Katika dharura kama hizo, ndoo ya dawa ya bwawa huweza kuonekana kuwa mkombozi wa karibu. Kama itakavyoelezwa, si kila dawa ya bwawa inafaa kwa kisima.

Namna klorini inavyofanya kazi

Klorini inapoyeyuka katika maji hugawanyika katika sura mbili. Sura ya kwanza ni asidi ya haipoklorasi, ambayo hupenya kwa urahisi ukuta wa kimelea na kukiua. Sura ya pili ni haipokloraiti, ambayo nguvu yake ya kuua ni ndogo sana. Kinachoamua uwiano wa sura hizo ni pH ya maji. Katika pH ya 7.0, takriban robo tatu ya klorini huwa katika sura yenye nguvu. Katika pH ya 7.5 ni karibu nusu, na ikifika 8.0 hubaki takriban robo tu. Hivyo mabwawa mawili yanaweza kuwa na kipimo kilekile cha klorini, lakini moja likawa na nguvu mara tatu ya lingine. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, hushauri pH ya bwawa iwe kati ya 7.0 na 7.8.

Ni muhimu pia kutofautisha klorini huru na klorini iliyofungwa. Klorini huru ni ile ambayo bado haijatumika na iko tayari kuua vimelea. Klorini iliyofungwa ni ile iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na uchafu wa mwilini, ikawa kloramini. Kloramini huua vimelea polepole mno, nazo ndizo zinazotoa ile harufu kali inayojulikana kama harufu ya bwawa. Watu wengi huichukulia harufu hiyo kuwa ishara ya klorini nyingi. Kinyume chake, mara nyingi ni ishara kwamba klorini huru haitoshi kumaliza uchafu ulioletwa na waogeleaji.

Jua na kiimarishi

Miale ya jua huvunja klorini huru haraka. Katika bwawa lililo wazi, lisilo na kiimarishi, sehemu kubwa ya klorini inaweza kupotea ndani ya saa chache za jua la mchana. Kwa eneo kama Kilosa, ambako miezi ya kiangazi kati ya Juni na Oktoba huwa na jua kali, mwenye bwawa angelazimika kutia dawa mara kadhaa kwa siku. Asidi ya sianuriki huzuia upotevu huo kwa kuishika klorini na kuiachia kidogo kidogo kadiri inavyotumika. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita hutosha kwa kazi hiyo.

Kinga hiyo ina gharama yake. Klorini iliyoshikwa na kiimarishi haiui vimelea mpaka iachiliwe, lakini vipimo vya kawaida huihesabu kuwa klorini huru. Kadiri kiimarishi kinavyoongezeka, ndivyo sehemu iliyo tayari kufanya kazi inavyopungua, ingawa namba inayosomwa haibadiliki. Ndiyo maana CDC hushauri klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita katika bwawa lisilo na kiimarishi, na isipungue miligramu 2 katika bwawa lenye kiimarishi. Kanuni nyingine rahisi kukumbuka ni kwamba klorini huru isiwe chini ya sehemu moja ya ishirini ya kiimarishi. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa upande wake limeshauri kiimarishi kisizidi miligramu 100 kwa lita.

Tofauti kubwa kati ya klorini na kiimarishi ni kwamba klorini hutumika na kwisha, ilhali kiimarishi hubaki. Hakiharibiwi na jua, hakinaswi na chujio, wala hakiondoki na mvuke. Maji yanapopungua kwa joto na kuongezewa mengine, kiimarishi chote kilichokuwamo husalia.

Dawa zinazofanana kwa macho

Dawa za bwawa zinazouzwa madukani zina klorini katika maumbo tofauti, na kosa la kawaida ni kuzichukulia zote kuwa kitu kimoja.

Kalsiamu haipokloraiti ni chembechembe nyeupe zenye klorini ya takriban asilimia 65 hadi 70. Haina kiimarishi, na hupandisha pH. Sodiamu haipokloraiti ni ya maji, ni jamii moja na dawa ya kuondoa madoa ya nguo, nayo haina kiimarishi. Sodiamu daikloro-isosianurati ni chembechembe au vidonge vyenye kiimarishi ndani yake. Asidi ya traikloro-isosianuriki, ambayo kwa kawaida huuzwa kama vidonge vikubwa vya kuyeyuka polepole, ina klorini ya takriban asilimia 90. Nayo ina kiimarishi, na hushusha pH. Kwa kila miligramu 10 za klorini zinazotiwa katika lita ya maji, vidonge vya traikloro huacha takriban miligramu 6 za kiimarishi, na daikloro huacha takriban miligramu 9.

Hesabu ya bwawa moja

Mfano utasaidia kuonyesha jinsi tatizo linavyojijenga kimyakimya. Chukua bwawa la nyumbani lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kila miligramu moja kwa lita inahitaji gramu 48 za klorini halisi.

Tuseme bwawa hilo limeanza na kiimarishi cha miligramu 30 kwa lita, na kila siku hutumia klorini ya miligramu 2 kwa lita. Mtunzaji anayetumia vidonge vya traikloro atahitaji takriban gramu 107 kwa siku. Klorini hiyo itatumika na kwisha, lakini kila siku itaacha nyuma miligramu 1.2 za kiimarishi katika kila lita. Baada ya siku 30, kiimarishi kitakuwa kimefika miligramu 66. Baada ya siku 60 kitafika 102, juu ya ukomo wa WHO. Katika muda wote huo mtunzaji anaweza kuwa anasoma klorini ya 2, na daftari lake likaonyesha kwamba hakuna kilichoharibika. Kwa kanuni ya moja ya ishirini, bwawa hilo mwanzoni lilihitaji klorini ya 1.5 tu. Sasa linahitaji zaidi ya 5.

Mtunzaji wa pili, anayetumia kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65, atatia takriban gramu 148 kwa siku kupata klorini ileile, na kiimarishi kitabaki 30. Atalazimika kuangalia pH isipande, lakini hatajenga deni asiloliona. Njia ya busara kwa bwawa la nyumbani ni kutia kiimarishi mara moja mwanzoni, takriban kilo 1.4 kwa bwawa la ukubwa huu ili kufikia miligramu 30 kwa lita, kisha kuendelea na klorini isiyo na kiimarishi.

Kiimarishi kikishazidi, dawa ni maji mapya. Kukirudisha kutoka 102 hadi 34, bwawa la mfano wetu litahitaji kubadilishiwa theluthi mbili ya maji yake, yaani lita 32,000, ambazo ni sawa na ndoo 1,600 za lita 20. Mahali ambapo maji ya kiangazi hununuliwa au hutekwa mbali, hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwa nini kuzuia ni nafuu kuliko kurekebisha. Mwenye bwawa anayehitaji kupunguza maji anaweza kupanga kazi hiyo wakati wa masika, lakini asiyamwage maji yenye klorini nyingi mtoni au katika bustani. Ayaache kwanza klorini ishuke.

Upimaji ulio sahihi

Vitendanishi vya rangi ya manjano, vinavyojulikana kwa kifupi kama OTO, hupima jumla ya klorini, yaani iliyo huru na iliyofungwa kwa pamoja. Havimwambii mtunzaji anachohitaji kujua. Vitendanishi vya DPD, vinavyotoa rangi ya waridi, hupima klorini huru, na kwa hatua ya pili hupima jumla. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo klorini iliyofungwa, na inapozidi miligramu 0.4 kwa lita bwawa linahitaji kushughulikiwa. Tahadhari moja ni muhimu: klorini ikiwa nyingi kupita kiasi, DPD huweza kupauka na kuonekana kama maji yasiyo na klorini kabisa. Mtu asiyejua hilo ataongeza dawa juu ya dawa. Akipata jibu la sifuri asilolitarajia, aizimue sampuli kwa maji safi yasiyo na klorini na kupima tena kabla ya kutia chochote.

Kiimarishi hupimwa kwa kitendanishi kinachoyafanya maji kuwa meupe kama maziwa, na mpimaji husoma kina ambacho doa jeusi chini ya chupa hutoweka machoni. Kipimo hicho kifanyike mara moja kwa mwezi. Klorini na pH zipimwe kila siku ambayo bwawa linatumika, na maji ya sampuli yachotwe kina cha kiwiko, mbali na bomba linaloingiza maji.

Yanayofika zahanati

Mgonjwa mwenye macho mekundu, kikohozi au muwasho wa ngozi baada ya kuogelea mara nyingi ameathiriwa na kloramini au pH isiyofaa. Maumivu ya sikio na vipele vinavyotokea kwenye vinyweleo siku chache baada ya kuogelea huashiria bakteria jamii ya Pseudomonas, ambao hustawi pale klorini inapokuwa dhaifu. Mhudumu aulize kama waogeleaji wengine wana dalili hizohizo, maana jibu la ndiyo linaonyesha kwamba tatizo liko kwenye maji.

Kuhara kunahitaji uangalifu wa pekee. Bakteria wengi wa kuhara hufa ndani ya dakika chache katika klorini ya kutosha. Kimelea Cryptosporidium ni tofauti: katika klorini ya miligramu 1 kwa lita, pasipo kiimarishi, kinaweza kuishi zaidi ya siku 10. Kwa mtu mwenye kinga hafifu, akiwemo anayeishi na virusi vya UKIMWI na ambaye kinga yake imeshuka, kimelea hiki huweza kuleta kuhara kwa muda mrefu na kwa hatari. Kwa hiyo mtu yeyote anayehara asiingie bwawani, na aliyethibitika kuwa na Cryptosporidium asubiri wiki mbili baada ya kuhara kukoma.

Mtu akiharia bwawani, watu wote watoke na bwawa lifungwe. Miongozo ya CDC inaonyesha wazi uzito wa kiimarishi katika tukio hilo. Katika bwawa lisilo na kiimarishi, klorini ya miligramu 20 kwa lita inahitajika kwa saa 12.75. Kiimarishi kikiwapo, hata kisipozidi miligramu 15, muda huo hufika saa 28. Kikizidi 15, maji hupunguzwa kwanza na kuwekwa mapya ndipo dawa itiwe. Kwa bwawa dogo la nyumbani, mara nyingi ni rahisi zaidi kumwaga maji yote, kusugua na kujaza upya.

Pale bwawa linapojazwa kwa maji ya mto au mfereji, kichocho nacho kikumbukwe. Lava wa kichocho hawaishi zaidi ya saa 48 nje ya konokono. Maji yaliyochujwa konokono na kuachwa kwa siku mbili kabla ya mtu kuingia, kisha yakatiwa klorini ya kutosha, huondoa hatari hiyo.

Usalama wa kemikali

Aina mbili za klorini zisichanganywe kamwe zikiwa kavu. Traikloro ikikutana na kalsiamu haipokloraiti, hata kwa kutumia kipimio kimoja au ndoo moja ambayo haikuoshwa, huweza kuwaka moto au kulipuka. Klorini ikikutana na asidi ya kushushia pH hutoa gesi ya sumu. Dawa itiwe katika maji, si maji katika dawa. Ihifadhiwe pakavu, penye hewa na mbali na watoto.

Aliyevuta gesi atolewe mahali penye hewa safi, avuliwe nguo zilizochafuka na kufikishwa kituoni. Dawa ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Aliyemeza asitapishwe. Mhudumu akumbuke kwamba mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baada ya mgonjwa kuonekana amepata nafuu. Mwenye kikohozi kinachoendelea, kubanwa kifua au kupumua kwa shida apewe oksijeni na kupewa rufaa, asirudishwe nyumbani.

Kutoka bwawani hadi kwenye ndoo ya maji ya kunywa

Kanuni ya klorini huru iliyobaki ndiyo inayotawala pia maji ya nyumbani. Kwa maji ya kunywa, WHO hushauri klorini huru ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, katika pH iliyo chini ya 8. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi kwanza, maana tope huila klorini, na ndoo ifunikwe na kuwekwa kivulini.

Baadhi ya vidonge vya kutibu maji ya kunywa vina daikloro-isosianurati, na wagonjwa huweza kuuliza kama kiimarishi kilichomo kitawadhuru. Kidonge cha miligramu 67 katika lita 20 huleta takriban miligramu 3.4 za kemikali hiyo kwa lita, ilhali ukomo wa WHO ni miligramu 50. Vidonge hivyo ni salama vikitumika kama ilivyoelekezwa. Vidonge vya traikloro vya bwawa havikutengenezwa kwa ajili ya kunywa, na baadhi huwa na viambato vingine, kama vile vya kuua ukungu wa kijani. Visitiwe kisimani wala kwenye tangi la maji ya kunywa, hata wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Afisa afya anayehitaji klorini kwa kisima atumie dawa iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa, na asome jina la kemikali kwenye lebo, asitegemee rangi wala harufu.

Hitimisho

Mtunzaji wa bwawa anahitaji daftari lenye safu nne: tarehe, klorini huru, pH na kiimarishi, pamoja na jina la kila dawa iliyotiwa na kiasi chake. Daftari hilo humwezesha kuona kiimarishi kinavyopanda kabla hakijafika mahali pa kumwaga ndoo 1,600. Humsaidia pia mhudumu wa zahanati: mtoto anapoletwa akihara au akikohoa baada ya kuogelea, mzazi au mwenye bwawa akija na daftari hilo, maswali matatu ya kwanza huwa yameshajibiwa.